Zulia Alilochagua Rukia

Wanangu, mkinijia kuniuliza rangi ya zulia nitakwambieni yote niyajuayo, ila msinitajie Rukia kabla sijamaliza chai yangu. Nimeuza mazulia Chake Chake tangu ujana wangu mpaka magoti yalipokataa kupanda ngazi ya stoo. Nyumba nyingi mnazoingia kwa harusi na maulidi, zulia mnalokalia nimelichagua mie. Na nyingine, sikatai, kalichagua Rukia. Hizo za Rukia ndizo zinazosifiwa zaidi, na hapo ndipo ninapoudhika.

Mtasema Bi Zuwena ana wivu. Ndio, ninao! Mtu akinambia wivu dhambi, humwambia dhambi ni husuda. Wivu ni maradhi kama sukari, unaishi nayo na unajua cha kujiepusha nacho. Mie wa kujiepusha naye ni Rukia.

Haya, tuje kwenye kazi. Kijana siku hizi anakuja na simu mkononi. Anakuonyesha sebule ya watu huko Dubai, ukuta mweupe, makochi meupe, zulia jeupe, hata paka aliyelala juu yake mweupe. "Bibi, nataka kama hili." Namuuliza, nyumba yako iko wapi? Ananambia iko ndani huko Mtambile, bado njia ya udongo. Sasa udongo wetu wa Pemba mwaujua ulivyo mwekundu. Viatu tunavua mlangoni, lakini udongo hauna adabu ya kungoja nje. Unaingia na nyayo, unaingia na pindo la buibui, unaingia na mtoto anayetambaa. Zulia jeupe la kijana huyo litaonekana jeupe mpaka Ijumaa ya kwanza.

Kwa hiyo kitu cha mwanzo usiangalie zulia, angalia ukuta wako na mlango wako. Ukuta ulishapakwa, huwezi kuubandua kila mwezi. Mapazia yanafuata. Zulia linakuja nyuma yao, na kazi yake ni kuwapatanisha. Ukiwa na mapazia ya maua maua, tafuta zulia lililotulia, lichukue rangi moja tu katika zile za maua, na bora iwe ile ndogo ambayo haikuonekana upesi. Ukiwa na mapazia ya rangi moja, hapo zulia liruhusu lipige kelele kidogo. Vyote viwili vikipiga kelele, mgeni ataondoka na kichwa kinamgonga na hatajua kwa nini.

Hayo ya mapazia nimeyajifunza kwa Rukia. Basi nimeshasema, tuendelee.

Mie na yeye tulianza kazi wiki moja, duka moja, kwa Mzee Kombo, Mungu amrehemu. Mzee Kombo alikuwa mtu mfupi, mkali, anayenukia udi. Hakumruhusu mteja kununua zulia amesimama. "Kaa chini, mama," atamwambia. "Kwako utalikalia, na hapa likalie." Wateja wengine walikuwa wakiona haya, mtu kaja mjini na nguo zake nzuri akakae sakafuni dukani! Lakini mzee alikuwa na haki. Sisi tunakula chini, tunasoma maulidi chini, tunazungumza chini. Ukisimama unaona maua yote kama picha. Ukikaa unaona yale yaliyo karibu na goti lako tu, na mengine yote yanageuka rangi moja hivi. Hiyo rangi moja ndiyo utakayoishi nayo.

Siku ya mwanzo kabisa akaja bibi mmoja kutoka Wete, anataka zulia jekundu. Mie, na mdomo wangu, nikamkunjulia mekundu yote yaliyokuwepo. Hili la Uturuki, bibi. Hili halichuji. Hili alinunua mke wa fulani. Nikatoka jasho. Rukia kasimama pembeni kimya kama hayumo. Nilipokwisha akamuuliza yule bibi swali moja, "Makochi yako rangi gani, bi mkubwa?" Akajibiwa, ya kijani. Rukia akaingia ndani, akatoka na zulia moja, halikuwa jekundu hata kidogo, lilikuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, lina mstari mwembamba mwekundu pembeni. Bibi akalikalia, akalipapasa, akasema, "Hili hili."

Mzee Kombo akaniangalia. "Zuwena, wewe mdomo unao. Mwenzio ana jicho."

Lo! Maneno hayo yaliniingia na hayajatoka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, watu husema, na tangu siku ile nikawa mie ndiye ninayetembeza. Nilimchukia Rukia mpaka sauti ya bangili zake. Akinunua kanga, nami nitanunua, yangu ya bei zaidi. Akisifiwa chai yake, mie nitasema ina tangawizi nyingi. Na yeye hakuwa akinijibu! Laiti angenijibu tukagombana yakaisha. Alikuwa akicheka tu, "Zuwena bwana," kisha anaendelea kupiga vumbi mazulia yake.

Msidhani nilikuwa sijui kazi. Nilikuwa naijua, ila nilikuwa nikijifunza kwa kuumia. Kuna mwalimu mmoja nilimuuzia zulia la buluu iliyokoza, zuri wallahi, dukani chini ya zile taa ndefu nyeupe lilikuwa kama bahari ya mchana. Wiki haijesha karudi nalo begani. "Bi Zuwena, umenibadilishia." Nikaapa sijambadilishia. Tukafuatana mpaka kwake, nikakuta sebule ina dirisha moja dogo, na dirisha lenyewe limezibwa na mgomba, na taa yake ya manjano. Zulia limekuwa jeusi. Unaingia unaona kama shimo. Tangu hapo sikubali mtu kuchagua rangi chini ya taa ya duka. Kata kipande, au beba sampuli, nenda nayo kwako, iweke chini asubuhi, itazame tena alasiri, na itazame ukiwasha taa. Chumba chenye giza kipe rangi ya joto, ya mchanga, ya asali, ya chungwa lililoiva. Chumba kinachopigwa na jua la alasiri usikitie jekundu kali, litachoka upande wa dirisha na utabaki na zulia la rangi mbili ambalo hukulilipia.

Na kuna kosa ambalo sidhani kama muuza mazulia wa pahala pengine atalifanya. Nilimuuzia mtu wa Shumba zulia rangi ya malai ya maziwa, laini, la manyoya. Nyumba mpya, ukuta mzuri, kila kitu kiliitaka rangi ile. Nilijisifu mwenyewe, nikasema leo nimemshinda Rukia. Sikukumbuka kwamba ni msimu wa karafuu. Siku ya tatu karafuu zao ziko uwanjani zimeanikwa, mvua ikashuka bila kubisha hodi. Sasa Mpemba na karafuu yake mvua ikimkuta, atafikiri zulia? Baba, mama, watoto, jirani, kila mtu kashika pembe ya jamvi, wakakimbilia ndani, wakamwaga sebuleni. Karafuu mbichi mbichi, na makonyo, vile vijiti vyake, juu ya malai yangu! Mafuta yakaingia kwenye manyoya, zulia likatoka madoa ya kahawia mwili mzima, na harufu mpaka Ramadhani ya pili.

Aliponijia kulalamika, Rukia alikuwepo. Akauliza taratibu, "Kwani ulimuuliza kama wanaanika?" Sikumuuliza. Yeye angeuliza. Roho iliniuma kuliko lile zulia. Basi nyinyi ulizeni. Ulizeni kama wanaanika, kama kuna mtoto mdogo, kama kuna mzee anayekunywia kahawa sebuleni. Na ulizeni kama hitima husomwa kwenye nyumba hiyo. Sebule zetu zina harusi na zina misiba. Zulia la waridi linalong'aa, siku ya maiti utalikunja kwa haraka watu wakiingia, na huku unalia. Chagua rangi ambayo watu wanaweza kukaa juu yake kwa furaha na kwa huzuni.

Sasa nije kwa Saada.

Saada ni mwanangu wa pekee. Nimemzaa kwa taabu, baada ya kukata tamaa, na baba yake alitangulia mapema, tukabaki mie na yeye. Amesoma, anafundisha skuli. Akachumbiwa na kijana wa Chokocho, mstaarabu, kajenga nyumba yake pembeni ya nyumba ya mama yake. Mnajua kwetu vyombo vya nyumba vinatoka kwa bibi harusi, na sisi wazee ndio tunaovihangaikia. Kitanda, kabati, mapazia, masufuria, vyote niliwaachia mashangazi zake. Nikasema mie mnaniachia zulia. Maisha yangu yote nimechagua mazulia ya watoto wa watu. La mwanangu nilitaka nilichague mie, akae juu yake, ale juu yake, wajukuu zangu watambae juu yake. Nilitaka kitu kimoja hicho tu.

Siku moja tunakunja nguo, Saada akasema, hata hakuniangalia, "Mama, zulia usihangaike. Nishamwambia Bi Rukia."

Nikamuuliza, "Rukia yupi?"

"Mama, Rukia yupi tena."

Nikaikunja ile nguo, nikaikunjua, nikaikunja tena. Rukia naye alikwisha kustaafu wakati huo, lakini watu walikuwa wakimfuata kwake kama mganga. Kwangu walikuwa wakija wachache. Nikasema, "Kwa hiyo mama yako hajui mazulia."

"Unajua, mama. Lakini wewe utaniletea rangi ya damu ya mzee."

"Na damu ya mzee ina nini?" Maana nilikuwa nishaliona dukani, wanangu, damu ya mzee iliyokoza, maua ya dhahabu, zulia la kifalme.

"Hatuweki makochi, tunaweka mito ya kukalia chini, ukutani kuzunguka. Mito yote damu ya mzee. Nikitia na zulia, watu wataingia wadhani pamechinjwa."

"Hayo si maneno yako. Hayo maneno ya Rukia."

Akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, "Alikuja kuiona nyumba, mama. Kashinda pale mpaka alasiri. Wewe nimekuita mara ngapi?"

Kweli alikuwa ameniita, na mie nilisema magoti. Sebule nitaiona nini, nimeona sebule elfu. Usingizi wangu uliharibika. Nikawa namwona Rukia kakaa kwenye nyumba ya mwanangu, kimya chake kile, bangili zake zile, anapapasa sakafu. Mume wangu hakumchukua, kazi hakuninyang'anya. Sasa anamtaka mwanangu? Niliapa hatanitia kidole jichoni.

Nikaenda dukani, nikalinunua lile la damu ya mzee, sikumwambia mtu.

Siku ya kupeleka vyombo tulitoka na gari mbili za mizigo, wanawake, vigelegele, ngoma ya makopo, vurugu tupu. Zulia langu nimelifunga kwenye nailoni, nimelikalia kabisa nisije nikaibiwa bahati. Tunafika Chokocho, nashuka, namwona Rukia mlangoni. Katangulia! Pembeni yake limesimamishwa zulia lake, limeegemea ukuta. Nilimsalimu, maana watu walikuwa wakitutazama.

"Umeshindaje, Rukia."

"Salama, shoga yangu. Hongera ya mwari."

"Ahsante. Na hilo?"

"La Saada."

"Na hili langu la Saada."

Watu wakacheka wakidhani mzaha. Saada hakucheka. Kasimama katikati yetu na leso yake, macho yanakwenda kwangu, yanakwenda kwa Rukia, masikini mwanangu. Nikasema likunjuliwe lake tulione. Likakunjuliwa kidogo pale barazani. Rangi ya mdalasini, haina ua hata moja, pembeni lina mstari wa kijani mpole. Nikasema kwa sauti, ili wasikie, "Hili la kukalia matanga." Wifi zangu wakaniunga mkono kwa kucheka. Rukia akasema tu, "Tungoje liingie ndani."

Hapo akatoka Bi Hidaya, mama yake bwana harusi, mkwe mwenzangu. Mtu mzima, mwenye amri zake, na nyumba ile ni kwao. Akaangalia mazulia mawili, akauliza mbona mawili. Akaelezwa. Akatikisa kichwa.

"Hapa hakuna kesi," akasema. "Sisi ukoo wetu nyumba ya mwari haifunguliwi na zulia la asiye na kizazi. La mama ndilo linaloingia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bi Rukia, usinielewe vibaya, lakini hili la kwako libaki nje."

Rukia aliolewa mara mbili, na mara mbili aliachwa kwa sababu hiyo hiyo. Miaka yote tuliyokaa duka moja, na mdomo wangu huu, hilo sikulisema hata siku moja, wala Mzee Kombo, wala mteja. Rukia alikuwa ameshashika pembe ya zulia lake tayari kuliingiza. Akaiachia. Akafuta viganja vyake kwenye kanga, taratibu, kama mtu aliyeshika vumbi. "Sawa, Bi Hidaya," akasema. "La mama litangulie."

Sitakudanganyeni, wanangu. Kwanza nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka masikioni. Nimemshinda! Mbele ya watu, mlangoni kwa mwanangu, na sikutamka neno. Kisha nikamtazama. Kasogea nyuma, karibu na viatu vya watu, anatafuta pahala pa kusimama asionekane. Na Saada anamtazama yeye, machozi yanamlengalenga. Furaha yangu ikageuka chungu mdomoni.

Maana nilishindwa kujua nimeshinda nini. Mie na Rukia tunashindana kwa rangi. Kwa rangi ninamwonea wivu mpaka nashindwa kulala, na kwa rangi nataka nimpige mwereka siku moja kabla sijafa. Huyu Bi Hidaya, asiyejua hata kutofautisha mdalasini na kahawia, katoka huko kwake na jiko lake, ananipa ushindi usio wangu. Hasira zikanijaa.

"Bi Hidaya, mkwe wangu," nikasema, "mila yenu nimeisikia, na ninaiheshimu. Mnataka mkono wa mwenye kizazi? Mkono wangu huu hapa. Huyo aliyesimama hapo ni mwanangu, nimemzaa mie. Zulia nitatandika mie."

"Ndilo nililosema, Bi Zuwena."

"Nitatandika hili."

Nikaweka mkono juu ya la mdalasini. Bi Hidaya akafungua mdomo. Nikamwambia dereva asiondoke, lile langu la damu ya mzee linarudi Chake. Kisha nikageuka kule kwenye viatu.

"Rukia! Unangoja nini? Zulia zito hili, mie na magoti yangu nitalibeba peke yangu? Shika upande wako."

Hakusogea mwanzo. Saada akamshika mkono akamleta. Akainama, akashika pembe yake, mie nikashika yangu, Bi Hidaya akatupisha, na nadhani hakujua atukatazeje. Tukaingia nalo. Kuta za kijani hafifu, jua la alasiri linaingia dirishani kwa ubavu, mito ya damu ya mzee imepangwa kuzunguka. Tukalikunjua.

Wanangu, sijui nikwambieni vipi. Ule mstari wa pembeni ukaushika ukuta. Mito ikatulia, ikawa kama imezaliwa pale. Chumba kikakaa, kikapumua. Wale wale wifi zangu waliokuwa wakicheka nje wakaanza, "Mashaallah, mashaallah." Saada akalia sasa kwa furaha, akamkumbatia Rukia kwanza. Rukia kwanza! Mie wa pili. Wivu ulinipanda, lakini zulia lilikuwa limepata pahala pake.

Rukia yuko upande wa pili, kapiga magoti, analilainisha kwa kiganja. Macho yake mekundu bado. Akanitazama mie, akatazama pembe niliyoishika, akakunja uso kama alivyokuwa akikunja dukani.

"Zuwena," akasema, watu wote wanasikia, "vuta kidogo. Upande wako umepinda."

Yakhe! Mbele ya wakwe zangu! Baada ya yote hayo!

Nikavuta. Na ulikuwa umepinda kweli.